Makapera Watatu Mezani Kwangu

Jumatatu, 8 Juni 1981

Leo tena! King'ora cha kiwanda chetu cha magodoro kililia saa kumi na moja, nikachukua koti, nikaelekea mtaa wa Umoja kwa mke wangu. Okumu, kapera wa hapo kazini, akatangaza kwamba mbwa ameitwa nyumbani. Thuo, kapera mwenzake, akacheka mpaka akaangusha godoro alilobeba. Hata Odero dereva, mwenye mvi na ambaye hajawahi kuoa, akatikisa kichwa kunihurumia.

Kunihurumia mimi! Ninakula chakula cha moto. Shati langu limepigwa pasi. Lydiah ananipenda. NIMERIDHIKA, naandika kwa herufi kubwa. Wao Ijumaa wanakula mbuzi kwenye soko la Kiamaiko, Jumamosi wanaumwa tumbo, Jumapili wanafua soksi. Lazima waone ndoa kwa macho yao.

Jumatano, 10 Juni

Mpango umeiva. Nimewaalika wote watatu kwa chakula cha mchana Jumapili. Nimewapa masharti: makoti na tai, sukari, mkate na majani chai, na Odero atangulie kwa kuwa ana umri. Kwangu si hotelini.

Lydiah amekubali, ila babake, Mzee Nahashon, atakuja siku hiyo kutoka Gatundu kumwona Wangu, mdogo wake Lydiah anayekaa nasi akisomea taipu. Bora zaidi. Nitakuwa na shahidi!

Jumapili, 14 Juni

Balaa.

Walifika saa saba kamili. Odero na mvi zake mbele, vijana wawili nyuma, makoti, tai, sukari, kama watu walioleta posa. Nyumbani kwenye msichana ambaye hajaolewa! Mimi Mkikuyu mzima, na sikuliona hilo. Mzee Nahashon aliwatazama, akamtuma Wangu chumbani, akavaa kofia yake.

Wakala kuku wawili na chapati zote. Kisha Mzee akasimama, akawashukuru kwa kumjia binti yake kwa adabu. Akaeleza ukoo wake mpaka kwa babu wa babu. Akataja mbuzi wa mahari. Akataja mablanketi. Nilikohoa na kukohoa, hakuna aliyegeuka. Ndipo Odero, mtu mkweli kupita kiasi, akainuka na kusema samahani Mzee, sisi tumekuja kula tu.

Wangu akaanza kulia kule chumbani. Mzee akasema nimeleta wanaume waje kula kuku kisha wamkatae binti yake mbele ya uso wake. Faini ni beberu asiye na doa, nimpeleke Gatundu mwenyewe. Mpaka hapo anawachukua mabinti zake wote wawili. Lydiah akambeba mtoto wetu Wairimu mgongoni, akatoka bila kuniaga.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekula mkate waliouleta makapera. Okumu alitazama kola yangu isiyopigwa pasi, akasema, "Karibu kwetu, kapera."

Nilimjibu kwamba mimi ni mtu aliyeridhika ambaye mke wake amesafiri. Nimeridhika hata nikiwa peke yangu! Uongo. Nyumba imenyamaza na nimeogopa. Je, asiporudi?

Jumamosi, 20 Juni

Kiamaiko tangu alfajiri. Makapera walijitolea kuja kunichagulia, ati mbuzi ndiyo kazi yao. Kumbe wanamjua akiwa amechomwa tu! Wa kwanza alikuwa na doa, wa pili alikuwa jike. Bulle muuza mbuzi akatuonea huruma, akachagua yeye.

Gatundu, Mzee alimzunguka beberu mara tatu, akatafuta kosa, akakosa. Lydiah alikuwa nyuma ya ghala akipepeta maharagwe. Nilimwambia nimemkosa mpaka hata chai imenishinda kunywa. Akaendelea kupepeta. Halafu akaweka ungo chini.

"Baba Wairimu, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na wale wa kiwandani. Kama umeridhika na mimi, ridhika kimya."

Nikamshika mkono, babake akiona. Basi aone!

Jumapili, 21 Juni

Wamerudi wote. Mtoto analala, Wangu amenisamehe nusu, Lydiah anaimba jikoni. Nina raha ambayo hakuna kapera anayeijua, na sitaki kingine chochote duniani.

Mke wangu amesema kweli tupu. Furaha ya nyumba haihitaji tarumbeta. Nimekoma kabisa. Kuanzia leo nitaridhika kimya.

Kesho saa nne, wakati wa chai, nitapanda juu ya magodoro na kuwaeleza wafanyakazi wote jinsi ninavyoridhika kimya. Nitasema kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.