Robo Saa na Paja la Kuku

Jumatatu, 3 Juni
Sista wa kliniki ya kisukari kanipa amri mpya. Insulini ya chakula nijichome robo saa kabla ya kula, si baada. Robo saa! Shemeji anamaliza sufuria kwa dakika saba.
Mchana nimejichoma chumbani, nikakaa kitandani kusubiri. Sebuleni vijiko vinagonga sahani. Kutoka, nimekuta bawa na shingo. Paja limekwenda wapi? Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa, anafuta mdomo taratibu. Mtu msafi kiasi hicho ana lake.

Jumanne, 4 Juni
Nimemuuliza mke wangu kuhusu paja. Kasema kuku ana mapaja mawili na nyumba ina watu watano, niache utoto. Kumbe wameshapanga!
Shemeji naye kaniuliza itakuwaje nikishajichoma halafu chakula kichelewe. Anataka kujua ya nini? Nimemjibu kwamba hiyo ni siri ya hospitali.

Jumatano, 5 Juni, asubuhi
Nimepata mpango. Nitajichoma sindano nikiwa kwenye cherehani yangu kazini, saa saba kasorobo. Kutoka pale hadi mezani ni robo saa, nimepima kwa miguu. Naingia, naketi, nakula na wenzangu. Tatizo ni mke wangu, hachelewi kuchelewa. Dawa yake ninayo: nimeisogeza saa ya ukutani mbele. Hakuna aliyeniona. Akili hizi angekuwa nazo mwingine, angeshapewa cheo.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu. Jana shemeji aliona saa inakwenda mbele, akaibeba kazini kwake kuitengeneza. Mke wangu akapika kwa kukadiria. Nafika, wali bado una maji.
Nikaketi kusubiri. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, nikaona milango miwili. Nilitaka kusema nimeshajichoma, ulimi ukagoma. Mara shemeji kapiga magoti mbele yangu, katoa kikaratasi cha sukari mfukoni, ananilisha.
"Tafuna, shemeji," akasema. "Usinifie hapa."

Ijumaa, 7 Juni
Sista kanifokea. Kasema sindano haisubiri sufuria: nisijichome mpaka chakula kiwe kimeiva na nakiona. Safari nyingine huenda nisiinuke. Mke wangu akalia palepale. Akasema paja anaweza kulikosa maisha yake yote, mimi hapana. Iliniuma, nakiri.
Shemeji katoa wazo. Chakula kiwekwe mezani kimefunikwa, nijichome mbele ya wote, na asiguse mtu kijiko mpaka robo saa iishe. Leo watu watano tumekaa tukitazama kifuniko. Kisha shemeji akanipakulia paja kwa mkono wake.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefikiri sana. Mtu mwema atembee na sukari mfukoni ya nini? Mke wangu anasema kaka yake anayo tangu nianze sindano, miaka miwili sasa. Miaka miwili! Alijuaje kwamba nitaanguka? Na paja kaliachia ghafla, kwa nini? Na hiyo robo saa tunaipima kwa saa gani? Ya ukutani, aliyoifungua na kuifunga mwenyewe.
Hanipati. Kesho nafuata saa yangu ya mkononi. Nimeshaisogeza mbele dakika kumi, mtu asijue.