Bawa la Bati

Jumamosi, 28 Novemba 1992

Leo nimepata akili! Mudathiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale stendi ya Kyela, ametoa televisheni yake barazani ili watu wakishangaa wanunue misumari. Tangu serikali ifungulie biashara hakuna kisichoingia mjini. Kanda yenyewe ya video ilikuwa ya magari ya mashindano huko Ulaya. Mazuri ajabu! Yamelala chini, yana mabawa mgongoni. Mzee Anyitike, aliyefanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini na anajua Kiingereza, alitutafsiria. Kumbe bawa huligandamiza gari lisiteleze kwenye kona. Upepo unaotoka nyuma yake umevurugika, gari linalofuata linayumba, halipiti. Wenye mashindano wakachoka kutazama msururu, wakaweka sheria kwamba mabawa yapunguzwe. Magari yakaanza kupitana, lakini watu wakalalamika kwamba sasa yanafanana na kuku walionyonyolewa. Mzee akaanza kueleza kwamba haya ni mambo ya mwendo mkali sana. Sikungoja. Nilishapata nilichotaka.

Mbio za baiskeli za Sikukuu ya Uhuru ni tarehe tisa. Stendi hadi Mwaya na kurudi. Zawadi ya Mudathiri ni bati kumi! Nyumba yangu ni ya nyasi, jiko tu ndilo lina bati, tena matatu. Mama Asifiwe ameshanitamkia: mvua hizi zikimkuta tena na sufuria kitandani, anarudi kwao Mwaya na watoto. Nami kila mwaka naibiwa na Zebedayo, mwendesha baiskeli mwenzangu. Ananiganda mgongoni njia nzima, mimi nakata upepo, yeye anapumzika. Tukikaribia stendi anachomoka. Kupe!

Jumatatu, 30 Novemba

Nimeng'oa bati moja la jiko. Mama Asifiwe alikuwa shambani. Nimelikunja kwa nyundo na kulisimamisha kwenye keria kwa fito na mipira ya tyubu. Miaka minane nabeba abiria na mikungu ya ndizi, hakuna wa kunifundisha kufunga mzigo.

Bawa! Nikaendesha hadi stendi kwa maringo. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Zebedayo aliuliza kwa adabu kabisa kama nahamisha choo. Acheke tu, siku ya mbio upepo wa bawa utamyumbisha.

Mama Asifiwe aliporudi aliingia jikoni, akatazama juu, akaona mawingu. Nikamwambia nimeliazima, na Jumatano ya wiki ijayo atapata kumi na moja. Akachukua sufuria, akaiweka chini ya tundu. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 3 Desemba

Fitina! Zebedayo amelalamika kwa kamati, yaani Mudathiri na mzee Anyitike, kwamba naziba barabara. Sheria ya kwanza imetoka: kitu chochote kisizidi upana wa usukani. Nimekata pembeni kwa tindo. Lilikuwa bawa, sasa ni mlango wa banda la kuku. Kwa kuwa hawakutaja urefu, nikalipandisha. Jioni ikatoka sheria ya pili: kisipite kichwa cha mwendeshaji. Nikapandisha kiti! Kichwa kimepanda, bawa limepanda, sheria imetimia. Miguu ndiyo inafika kwenye pedeli kwa vidole tu.

Kisha nikawapelekea sheria yangu mwenyewe. Zebedayo ana tabia ya kung'oa madigadi na kengele njiani na kumwachia shemeji yake ili awe mwepesi. Nikapendekeza kwamba baiskeli ifike na kila kitu ilichoanza nacho, la sivyo mwenyewe hahesabiwi. Mzee Anyitike alinisifu mbele ya watu. Kumekucha kwa Zebedayo!

Jumapili, 6 Desemba

Siku mbaya. Baba amekuja kutoka Ngana bila taarifa. Kwa mila yetu mkamwana hamwoni baba mkwe wala haonwi naye, na baba yangu hapunguzi hata nukta. Mama Asifiwe akajifungia jikoni kama kawaida. Baba akaketi barazani, uso kwa uso na mlango wa jiko, akaanza habari za ng'ombe.

Mvua ikashuka. Nikasikia maji yanavyoingia kule jikoni, nikakohoa, nikamshauri baba tuingie ndani. Akasema hapa pana hewa. Saa mbili nzima! Akamsifu mkwe wake kwa utulivu.

Alipoondoka, mke wangu alitoka amelowa hadi kwenye kope, sufuria ya maharage mkononi imejaa maji ya mvua. Alisema jambo moja, kwa sauti ya chini. Jumatano jiko liwe na bati, au Ijumaa yeye yuko Mwaya. Niliogopa, sifichi.

Jumatano, 9 Desemba

Nilitangulia tangu stendi. Zebedayo nyuma, kama kawaida. Mvua ikaanza. Nikageuka nimwone akiyumba. Hayumbi! Anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Mkavu! Mimi mvua inanipiga usoni, upepo unanivuta nyuma, na yeye amejibanza chini ya paa la jiko la mke wangu. Hivyo hivyo hadi Mwaya, hivyo hivyo kurudi.

Karibu na mji akachomoka, akanipungia mkono. Hapo upepo ukakata mipira, bati likarukia kwenye majaruba. Ghafla nikawa mwepesi! Nikasimama kwenye pedeli. Nikamfikia Zebedayo. Nikampita! Mara ya kwanza maishani. Nikafika stendi wa kwanza, watu wanapiga vigelegele!

Mzee Anyitike akazunguka baiskeli yangu mara mbili. Akauliza bati liko wapi. Akasoma sheria ya tatu kwa sauti, akataja na jina la aliyeipendekeza. Zebedayo alifika na madigadi yote. Na kengele. Aliipiga.

Ijumaa, 11 Desemba

Asubuhi Mama Asifiwe alishafunga mzigo. Akaja Zebedayo na bati moja jipya la zawadi begani, akapanda juu ya jiko, akaligongelea mwenyewe. Akamwambia kwamba Jumatano alikaa chini ya bati lake njia nzima bila kulowa, kwa hiyo ndaga, asante, hili ni la shukrani. Mke wangu akacheka! Sijamsikia akicheka tangu Novemba. Akafungua mzigo, akaenda mazoezi ya kwaya.

Nimekaa peke yangu, nimetafakari kwa unyenyekevu. Bawa halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mipira ya tyubu, na bati lenyewe lilikuwa jepesi, la zamani. Hili la Zebedayo ni zito, refu, halina hata kutu. Mudathiri anasema Pasaka kutakuwa na mbio nyingine.

Baba ametuma salamu kwamba anakuja Jumapili. Muda upo. Ila Zebedayo naye, misumari ameigongelea kwa roho mbaya. Huu wa nne haung'oki kabisa.