Sauti Yangu Juu ya Wimbo wa Gorreti

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimepata barua ya wakili. Imeletwa na Otim, askari magereza mstaafu ambaye siku hizi anatumwa na mawakili. Alisimama wima mlangoni pa kibanda changu hapa Walukuba, Jinja, akaniita afande, akasema niweke sahihi kwanza ndipo nisome. Afande wa wapi? Sijawahi kuvaa sare hata ya skauti. Babu yangu ndiye aliyekuwa askari. Nikaweka sahihi.

Barua inasema Gorreti Nambozo, mwimbaji wa Wanale kule Mbale, amesikia kwamba kuna mtu Walukuba ananakili kaseti zake na kuziuza bila ruhusa. Kama mtu huyo ni mimi, niache mara moja na nisalimishe kaseti zote ndani ya siku kumi. La sivyo kesi, na mashine ya kunakilia itachukuliwa.

Shukrani ya punda ni mateke. Nani alimjua Gorreti hapa Jinja kabla yangu? Mimi ndiye niliyempeleka kwenye harusi, saluni, baa mbili na karakana ya baiskeli. Tena nimempamba. Kila wimbo wake nimeuwekea sauti yangu mara tatu: "Muzamiru wa Walukuba, hana mpinzani." Kazi hiyo nafanya kwa mdomo wangu mwenyewe, ili wezi wasinakili nilichonakili.

Mke wangu Mastula ameisoma barua mara mbili. Aliuza cherehani ya marehemu mama yake ili tununue mashine hii ya kaseti mbili. Amesema mashine ikitoka mlangoni, na yeye atatoka. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumanne, 6 Agosti

Ronnie wa Mpumudde, mnakili mwenzangu hapa hapa Jinja, hajapata barua! Nimethibitisha. Cissy, anayesuka nywele kibanda cha jirani, alipanda boda boda kwenda kununua uzi huko, akamkuta Ronnie anauza Gorreti kwa raha zake, miguu juu ya kiti. Kaseti zake hazina jina, hazina mahali zilikotoka. Mtu mwoga namna hiyo analala usingizi, na mimi niliyejitaja wazi napelekewa askari magereza.

Nimewaza mchana kutwa. Barua inasema "kama mtu huyo ni wewe". Maana yake hawana uhakika. Basi mpango ni huu: nitakwenda mwenyewe kwa Gorreti na kaseti ya Ronnie. Atamjua mwizi wake, atanishukuru, barua itageuzwa ielekee Mpumudde. Cissy amekubali kuninunulia moja.

Mastula ameuliza kama nimeisikiliza kaseti hiyo kabla ya kuibeba. Nimemwambia kaseti za Ronnie nazijua, hazina hata jina.

Alhamisi, 8 Agosti

Mbale. Ni mwaka wa tohara, ngoma za kadodi zinapita kila njia. Chini ya mlima Wanale kundi la vijana lilinisimamisha na kunitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikasema mimi ni Mwislamu, jambo hilo lilikwisha zamani. Mmoja akasema wengi husema hivyo. Nilipita kwa kukimbia, mtu mzima mimi.

Gorreti nilimkuta akimenya ndizi uani. Mwanamke mfupi, mpole, si kama nilivyomdhania. Alinipa kigoda na chai. Nikamweleza kwa huzuni kwamba kuna mtu Mpumudde anaitwa Ronnie anamnyonya damu. Nikaweka kaseti kwenye redio yake.

Wimbo ukaanza. Aya ya kwanza ikaisha, ikaja sauti yangu: "Muzamiru wa Walukuba, hana mpinzani."

Niliruka juu. Nikamwambia umesikia? Hiyo ni sauti yangu! Huyu mwizi ameninakili mimi, neno kwa neno, hata kikohozi changu kimo. Nikarudisha nyuma ili asikie tena. Nilikuwa na hasira ya haki kabisa.

Gorreti akauliza jina langu nani. Kaseti ilikuwa imekwisha kumjibu, mara mbili.

Alizima redio akaichukua kaseti, akaifunga kwenye ncha ya gauni lake. Akasema mpaka leo wakili wake alikuwa na uvumi tu, hakuwa na kitu cha kushika mkononi. Kisha akasema jingine. Wimbo ule aliutunga kwa ajili ya kaka yake Mafabi, aliyefariki. Pale ninapotaja jina langu ndipo yeye anapotaja la Mafabi, mara tatu, kama walivyomwita siku ya mazishi. Watu wa Jinja wameufurahia wimbo mwaka mzima na hakuna aliyewahi kulisikia jina la kaka yake.

Nikasema pale palikuwa na nafasi, ala zilikuwa zimepungua.

Gorreti aliendelea kumenya ndizi. Nimejisikia vibaya sana, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini na yeye, angeimba kwa sauti kubwa zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Hotuba ya msikitini ilihusu amana. Dakika arobaini. Imamu alikuwa ananitazama. Namshuku Ramlah, dada yake Mastula, hajui kufunga mdomo.

Sijamwambia Mastula yaliyotokea Mbale. Nimesema mazungumzo yalikuwa mazuri na Gorreti ameomba abaki na kaseti. Kila neno ni kweli. Ila jioni alikuja Otim na barua ya pili, ambamo maneno "kama mtu huyo ni wewe" yametolewa, nayo akaisoma yeye, kwa sauti ya paredi, mbele ya mke wangu.

Mastula amekaa karibu na mashine usiku huu, ameiwekea mkono juu. Ningependa anitukane tuyamalize.

Jumapili, 11 Agosti

Mastula ameondoka alfajiri na ameacha uji jikoni. Nilijua amekwenda kwao. Niliosha vyombo, nikafagia hata chini ya kitanda. Sikujua nyumba hii ni kubwa hivi.

Magharibi akarudi. Alikuwa Mbale, kwa Gorreti. Wamemenya ndizi pamoja, wamelia pamoja, ameniambia hivyo tu. Na ana karatasi. Mashine inabaki. Nifute kaseti zote mbele ya Otim, kisha niwe wakala wa Gorreti hapa Jinja, niuze kaseti zake halisi. Nakala moja tu ikionekana, mashine inachukuliwa na kesi inakwenda kwa hakimu.

Nilitaka kuweka sahihi. Mastula akasema sahihi yangu Gorreti hakuitaka. Ameweka yake.

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya tatu ya kufuta. Kaseti inafutwa kwa kurekodi ukimya, na ukimya nao unachukua saa nzima. Otim haamini mpaka asikie. Anakaa wima, masikio kwenye spika, anasikiliza ukimya upande A, anageuza, anasikiliza upande B. Kaseti ya kumi na saba akasema afande, nimesikia kitu. Alikuwa Cissy anapiga chafya.

Mzee mmoja aliingia, akakaa nusu saa, akauliza bendi gani hii. Nikamwambia ni yangu. Akasema ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 17 Agosti

Kaseti halisi zimefika. Zina picha ya Gorreti, na jina la Mafabi linasikika vizuri kabisa. Mastula amezipanga dirishani kwa mikono yake. Leo amecheka, mara ya kwanza tangu barua ije. Amesema sasa tutalala kama watu.

Lakini wateja wamelalamika. Wawili. Wanasema wimbo umepungua kitu. Cissy amesema wazi kwamba bila ile sauti hauchezeki. Na mimi nina kaseti tupu thelathini, safi, zimekaguliwa na askari. Kuziacha hivyo ni israfu, na imamu mwenyewe hukataza israfu.

Kwa hiyo Mastula alipotoka kwenda sokoni nimetengeneza chache. Kumi na mbili. Jina langu nimelitaja mara mbili tu, nimejifunza kiasi.

Nimeisoma tena ile karatasi, neno kwa neno, kuona kama kuna hatari. Sioni. Panapoandikwa nani atasimama mbele ya hakimu, jina ni la Mastula. Langu halimo popote.