Magister Afutwa Kazi ya Jumamosi

Leo nimeaibishwa, tena na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Wanaonifahamu hapa Södertälje, Uswidi, wanajua nina shahada ya magister, yaani uzamili. (Wasiojua nimeshawaambia.) Cheti kiko sebuleni, juu ya televisheni. Kila Jumamosi namfundisha hesabu binti yangu Espe, ana miaka kumi. Nikiingia anasimama na kusema, "Bonjour, maître," kama tulivyokuwa tukiwaamkia walimu wetu Bukavu. Akinijibu kwa Kiswidi, anaanza upya.

Leo mchana tuliitwa shuleni, mimi na mke wangu, kuzungumzia maendeleo ya mtoto. Nikavaa suti. Mwalimu akatupokea akiwa na soksi bila viatu, na kaptula. (Na baridi hii!)

"Hej, mimi ni Anders."

"Magister Bahati," nikamjibu. Kisha nikamhurumia, nikampa somo: neno hilo ni la Kilatini, ndilo lililozaa maître ya Wafaransa, maestro ya Waitaliano, hata mästare yao Waswidi. Maana yake mwalimu, kiongozi, mtu wa kuinukiwa!

"Papa Espe, ikala basi," mke wangu akaninong'oneza, akinivuta koti niketi.

Nikaketi, nikimsubiri Anders aanze. Kumbe huku mtoto ndiye anayeendesha kikao! Espe akatoa karatasi yake, akaanza kusoma kwa Kiswidi, hana hata wasiwasi. Anachokiweza: kusoma. Kinachomsumbua: hesabu. Nani anamsaidia nyumbani?

"Pappa."

Nikaiweka tai sawa.

Swali lililofuata: nini kinakuzuia kusonga mbele?

"Pappa."

Anders hakucheka. Heri angecheka! Akafungua daftari la Espe, ukurasa wa kujumlisha sehemu. Maswali manane, makosa manane. Lakini chini ya kila jibu yalionekana maandishi ya penseli yaliyofutwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa sahihi. Mtoto alipata yote! Aliyeyafuta ni mimi. Nilijumlisha namba za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, nikamwambia aache ubishi.

"Kwa nini hukumwambia baba?" Anders akamuuliza taratibu.

"Man får inte avbryta maître," Espe akajibu. Yaani maître hakatizwi.

Mke wangu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi niliona aibu ya kweli. Mtoto wangu alilijua jibu, akaniogopa.

Kikao hufungwa kwa makubaliano ya maandishi. Espe akaandika mwenyewe: pappa hatanifundisha hesabu tena, atanisaidia mama. (Mama anafanya usafi hospitalini, wala hana cheti ukutani. Anders alimpa swali moja la kujaribu, akalijibu huku anafunga zipu ya koti.) Halafu wakanisogezea karatasi, mzazi atie sahihi.

Nikatia. Mkono ukaenda kwa mazoea. Kwa hiyo shuleni sasa kuna faili lenye karatasi inayosema sijui kujumlisha sehemu, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri: Magister Bahati.

Najua mnacheka. Sawa. Ila ninyi wenye vyeti ukutani, kabla hamjaendelea, nijumlishieni nusu na theluthi. Bila simu.