Inchi Tisa za Chokaa

Jumatatu, 3 Machi

Wiketi 212, yaani wapigaji 212 niliowatoa uwanjani kwa mpira wangu! Jana nimepata tatu. Kidole cha shahada kimevimba kwa kuzungusha mpira, nakitazama kwa mapenzi.

Rekodi ya klabu ni 213. Ni ya shemeji, kaka yake mke wangu, aliyestaafu kriketi miaka kumi na minne iliyopita na hajaacha kuitaja hata siku moja. Picha yake iko sebuleni kwa mama mkwe, juu ya televisheni. Yangu iko kwenye albamu, na albamu iko chini ya kabati.

Jumapili ndiyo mechi ya mwisho ya msimu. Kesho yake fundi rangi anakuja kuandika upya ubao wa rekodi, kwa dhahabu. Wiketi mbili tu, jina linabadilika! Nimemwambia mke wangu aanze kuzoea kuwa mke wa mtu mkubwa. Akaniuliza suruali ninayomshonea mteja wa Ijumaa imefika wapi.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mwamuzi wa Jumapili ni shemeji. Kesi ya nyani kapewa ngedere.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Koti lake jeupe la uamuzi limeletwa kwangu dukani lishonwe mfuko. Nimeshona mfuko. Nimelegeza na kwapa la kulia, inchi mbili nzima. Mwamuzi akimtoa mpigaji huinua kidole juu. Koti likibana, mtu husita. Likilegea, mkono unapanda wenyewe. Hiyo ni sayansi.

Nimelijaribu mbele ya kioo, mkono juu, mkono chini. Mke wangu akasema kama nasimamisha gari nipande tu, nisirudi.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo limenijia nikikata kola. Kila upande kuna vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda, na mrusha mpira haruhusiwi kuvuka mstari wa chokaa uliopo mbele ya vijiti vya upande wake. Sasa mstari wenyewe ukisogea mbele? Nami nasogea. Namkaribia mpigaji, mpira unamfika kabla hajajua umepinda wapi. Na nani hupima mstari? Watu wanatazama mpira!

Nimemwendea mtunza uwanja na dawa ya kuchua mgongo. Nikamwambia mistari ya kesho aniachie mimi, mzee wangu apumzike. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Ilipita.

Suruali ya mteja haijaisha. Atanielewa akiona ubao.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imekwisha. Upande wa barabara nimeuacha ulivyo. Upande wa tangi la maji, ninakorushia mimi kila mechi kwa miaka kumi na tisa, mstari umesogea mbele inchi tisa. Nimepima mara tatu kwa futi yangu ya dukani, maana fundi mzuri hapimi mara moja. Ule wa zamani nimeufuta kwa ufagio.

Nahodha alipita, akasifu jinsi mistari ilivyonyooka. Nikamshukuru kwa unyenyekevu.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki kwa raha.

Asubuhi mambo yalikuwa moto. Mpira wangu wa nane kutoka upande wa tangi ulimgonga mpigaji mguuni, mbele ya vijiti kabisa; bila mguu ule ungeviangusha, na kwa kosa hilo mpigaji hutolewa. Nikapiga kelele kumwomba mwamuzi amtoe. Mkono wa shemeji ukapanda bila kukwama hata kidogo. Kwapa lile! 213! Tumelingana! Mama mkwe mwenyewe alipiga makofi, ingawa mawili tu.

Hapo ndipo nahodha akanihamishia upande wa barabara. Eti upepo umebadilika, utanisaidia. Nikamwambia mimi na upande wa tangi hatuachani. Akaniuliza kwa nini. Nikauchukua mpira nikaenda.

Basi nikarushia upande wa barabara, mpigaji akawa upande wa tangi. Ngoja niandike vizuri, kwa sababu ndipo nilipoumia. Mpigaji naye ana haja na mstari ule ule. Akiwa nyuma yake, yuko salama. Akiuvuka na mpira ukampita, mlinda vijiti, mwenzetu anayesimama nyuma ya vijiti, anaudaka na kuviangusha nao; mtu anakwenda zake, na wiketi ni ya mrushaji.

Nikarusha mpira wa maisha yangu. Ulipanda, ukaning'inia, ukapinda. Mpigaji akatoka kuufuata, akaukosa. Mlinda vijiti akaudaka, vijiti chini! 214! Nikakimbia uwanja mzima mikono juu.

Shemeji akatikisa kichwa. Mguu, akasema, uko ndani ya mstari.

Nikatazama. Kweli, kisigino kilikuwa nyuma ya chokaa yangu, tena mbele kabisa ya pale ulipokuwa mstari wa zamani.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapaza sauti kwamba mstari huo si halali, umesogezwa mbele inchi tisa!

Shemeji akaniuliza nimejuaje kuwa ni tisa. Nikasema jicho la fundi. Akaniomba futi niliyokuwa nayo mfukoni. Akapima. Tisa kamili. Mtunza uwanja akasema kwa upole kwamba jana yeye alikuwa kitandani, mistari alichora fundi.

Mkono wa shemeji ukapanda tena, vizuri kabisa, ukanionyesha njia ya kutokea.

Alinisindikiza mwenyewe mpaka ukingoni. Akaniambia polepole kwamba mpira kama ule hajawahi kuurusha yeye, na kwamba kwa mstari wa kweli yule mpigaji alikuwa nje. Nisingegusa chokaa, akasema, ile wiketi ingekuwa yangu. Nilitaka kulia. Nililia, nyuma ya tangi.

Jumanne, 11 Machi

Kamati imeamua. Nimefungiwa mechi tatu. Ile wiketi ya asubuhi imefutwa, maana mpira wake niliurusha nikiwa nimevuka mstari wa kweli. Nilianza wiki na 212, nimemaliza na 212. Ubaoni shemeji anang'aa kwa dhahabu, na mama mkwe amekwenda kupigwa picha chini yake. Mteja wa suruali amehamia kwa fundi mwingine.

Adhabu nyingine: msimu mzima ujao, kila Jumamosi, nichore mistari badala ya mtunza uwanja, mgongo wake upone. Wamenikabidhi ndoo, mfuko mzima wa chokaa na ufunguo wa stoo. Jamani! Fisi kakabidhiwa bucha!

Mke wangu ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza sana, akafurahi, sikuona haja ya kumweleza zaidi.

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilisogeza mstari wa upande mmoja. Mwakani nasogeza pande zote mbili.