Waya Nilioufunika kwa Tetroni

Jumatatu, 4 Oktoba 1982

Mashine ya kusaga ya kijiji imesimama siku ya tisa. Sababu ni waya. Naeleza, kwa faida ya atakayesoma: injini yetu huwashwa kwa betri, na waya wa betri hupita chini ya tangi linalovuja. Dizeli hudondokea mpira uliofunika waya. Mpira huinywa kama mlevi na pombe yetu ya mbege: huvimba, hulegea, mwisho huvuka nguo. Shaba ikabaki uchi, ikagusa chuma. Cheche!

Mke wangu Redempta amevuka korongo tena kwenda kusaga kijiji cha pili. Amerudi ameshika goti. Ametua debe la unga miguuni pangu. Afadhali angenisema! Mwenyekiti wa kamati ya mashine ni mimi.

Fundi Filemon wa Majengo, niliyemfundisha zamani darasa la sita, ameleta shikamoo na habari mbaya. Mji mzima wa Moshi hauna waya. Atamwomba rafiki yake wa kiwanda cha sukari, tusubiri wiki mbili. Wiki mbili, kwa goti lile! Nimemwambia Jumamosi waya utakuwa tayari. Akauliza kwa adabu utatoka wapi. Nikagonga kichwa changu kwa kidole.

Jumanne, 5 Oktoba

Ni kitu gani dizeli haikiwezi? Suruali yangu ya tetroni! Mwaka juzi ililoa dizeli kwenye lori la kahawa. Ikafuliwa, ikarudi na mkunjo wake. Tetroni ni poliesta, nyuzi za kiwandani. Mafuta hayaiyeyushi, moto huiyeyusha. Basi uyeyushe, upake shaba, uache ipoe. Rahisi.

Nimeyeyusha mguu mmoja wa suruali nyuma ya zizi. Moshi mweusi. Ng'ombe amekataa kukamuliwa. Waya umetoka unang'aa kama pembe. Nikaupinda kidogo. Ta! Umepasuka kama ganda la yai.

Umebaki mguu wa pili.

Alhamisi, 7 Oktoba

Poliesta peke yake ni kama mwalimu mkuu niliyewahi kumtumikia: haihongeki, wala haipindiki. Inahitaji mwenzi mlaini. Nimeichanganya na mshumaa. Waya ukapindika vizuri! Nikauloweka kwenye kopo la dizeli. Jioni mshumaa wote ulikuwa umehamia kwenye dizeli.

Lakini dizeli tunaibebea katika ndoo gani? Ile ya plastiki, ya manjano. Miaka mitano haijalika! Basi mwenzi ni ndoo. Ila tetroni imekwisha.

Nyuma ya mlango limening'inia gauni la kwaya la Redempta. La bluu. Tetroni tupu. Nitachukua mfuko tu. Nani hutazama mfuko?

Ijumaa, 8 Oktoba

Mfuko haukutosha. Pindo halikutosha. Kufikia saa nne gauni lilikuwa limekwisha, na ndoo pia. Havikupatana haraka, kama mawifi. Nimevisonga kwa mwiko kama ugali. Waya umetoka wa kijani. Unapindika! Unalala ndani ya dizeli.

Jumamosi, 9 Oktoba

Haukuvimba hata unywele. Ushindi!

Saa tatu akina mama walikuwa wamepanga foleni na madebe yao. Mbele yao Dominika, kiongozi wa kwaya, na ulezi wa mbege ya ubatizo. Nikawaeleza habari za poliesta kwa dakika arobaini. Dominika akauliza kama siku hizi ulezi husagwa kwa maneno. Redempta akamjibu kwamba yeye amesagwa hivyo miaka thelathini na tano, na unga bado. Wakacheka sana.

Waya ukiwa umefungwa, nikabonyeza swichi ya kuwashia. Injini ikakohoa. Nikabonyeza tena, na tena. Mara ya tano ikakaribia kunguruma. Redempta akaanza kigelegele.

Kisha harufu.

Umeme mwingi ukipita katika shaba, shaba hupata moto. Nimelifundisha hilo mwenyewe, kwa mchoro! Ndoo ikalainika, ikadondoka matone ya kijani juu ya ulezi wa Dominika. Cheche. Kimya. Kigelegele kikakatika katikati.

Filemon akasema kwa upole kwamba kweli, Mwalimu, dizeli imeshindwa. Lakini plastiki ya ndoo haistahimili joto. Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema darasani kwangu, mwaka sitini na moja. Alitia kitana motoni aone kitafanya nini, nikamchapa viboko vinne. Somo lile halijamtoka.

Dominika alikuwa akichambua ulezi wake. Katika tone moja akaokota kifungo cheupe. Kwaya nzima ina vifungo hivyo. Akampa Redempta. Redempta akanitazama.

Jumapili, 10 Oktoba

Redempta hakwenda kuimba. Amesema atakaa na goti lake. Imeniuma kuliko matusi.

Nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba. Naeleza kwa asiye Mchagga: ukimpelekea uliyemkosea jani la sale, hawezi kukunyima msamaha. Hata ugomvi wa ardhi huishia hapo. Nikalipiga fundo, nikalitoa kwa mikono miwili. Akalipokea. Akasema gauni limesamehewa. Ndoo ni kosa la pili.

Nikarudi mpakani kukata jingine.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimevuka korongo na debe la mahindi mwenyewe. Nimepumzika mara sita. Redempta huvuka akiimba! Jioni nimemkanda goti kwa maji ya moto. Ameniita Baba Primus. Akikasirika huniita Mwalimu.

Jumatano, 20 Oktoba

Filemon ameleta waya wa kiwanda cha sukari. Dakika ishirini, injini ikanguruma. Redempta amerudi na unga, akiimba, goti limepumzika. Nimefurahi kwa dhati. Nikampelekea Filemon jani la sale kwa ajili ya kitana. Akacheka, akalipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama utafiti umekwisha. Nikaapa umekwisha.

Ila mwenye kosa alikuwa ndoo, si poliesta. Anatakiwa mwenzi asiyeogopa dizeli wala joto. Na leo nimeona kishikio cheusi cha sufuria ya Redempta. Miaka kumi jikoni, hakijayeyuka! Tetroni? Padre amepokea mapazia mapya ya kanisa. Manne, marefu.

Jioni nimepanda masale sita mpakani. Mawili ya Padre, manne ya Redempta.