Swala Niliyempiga Tumboni

Jumamosi, 6 Julai
Nimepata swala! Kibali halali, risasi moja. Nililenga bega, ikaingia tumboni. Upepo, bila shaka. Akakimbia. Nikamsaka tangu asubuhi hadi saa tisa, jua linawaka. Nilipompasua, utumbo umetoboka, uchafu umetapakaa hadi mapajani. Nikapangusa. Harufu kidogo tu.
Nyumbani nikatangaza nimempiga moyoni. Mke wangu akauliza mbona moyo uko mzima kwenye beseni. Mwanamke huyu anachunguza mno.

Jumapili, 7 Julai
Shemeji amekuja, kaka wa mke wangu. Miaka ishirini yuko buchani. Nani kamwita? Akanusa paja, akabonyeza kwa kidole, akatazama ukijani mbavuni.
“Shemeji, tupa. Yote.”
Yote! Mchinjaji gani huyo anayechukia nyama? Nitupe mimi, aokote yeye. Mimi si mtoto wa jana.

Jumatatu, 8 Julai
Nimeiloweka nyama kwenye siki na kitunguu saumu. Sasa inanuka kama maiti aliyejipaka siki. Mke amesema nitafute sufuria yangu.
Nikamjaribisha paka wa jirani. Akanusa kipande, akanitazama, akaenda zake. Nimefanya uchunguzi: paka huyo hupewa mabaki na Shemeji. Wamekula njama!

Jumanne, 9 Julai
Shemeji karudi na jembe. Kachimba shimo nyuma ya nyumba, jasho linamtiririka, hataki hata asante. Mtu hachimbi shimo bure. Nikajifanya nimekubali. Nyama ikafukiwa, isipokuwa paja moja nililolisukumia nyuma kabisa ya friji.
Mke alipokwenda sokoni nikalikaanga mpaka likawa jeusi. Nikala. Tamu! Karibu liwe tamu. Nimewashinda wote.

Jumatano, 10 Julai
Choo.
Choo tena.
Nimeandika wosia. Shemeji hayumo.

Alhamisi, 11 Julai
Zahanati. Miguu ilikataa, Shemeji akanibeba mgongoni njia nzima, watu wanatazama. Muuguzi akauliza nimekula nini. Nikasema maharage. Mke, aliyeukuta mfupa jikoni, akasema kweli yote, kwa sauti, mbele ya foleni.
Nimetundikiwa maji. Muuguzi anasema ningechelewa kidogo tungekuwa tunasema mengine. Mke alilia akidhani nimelala. Nilitaka kumshika mkono. Nikaogopa ataniuliza kuhusu friji.
Shemeji akaleta uji. Nikamwomba aonje kwanza. Akaonja, vijiko vitatu. Vitatu! Mbona asitosheke na kimoja?

Jumamosi, 13 Julai
Niko nyumbani, mwepesi kama unyoya. Shemeji amejitolea kunifundisha kulenga shabaha, polepole, akisema mnyama naye asiteseke. Nikamshukuru kwa adabu, nikakataa. Leo anifundishe, kesho ajiite mwalimu wangu.
Nimelala kitandani nikipima mambo kwa haki, bila chuki. Uamuzi wangu ni huu: nyama ilikuwa salama. Tumbo langu ndilo lenye kasoro. Nitalizoesha taratibu.